Rivolva Imegoma: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kugusa Bisibisi

Mzee mmoja tuliyekuwa tukipiga naye shabaha huko Texas aliniletea rivolva yake ndani ya mfuko wa kitambaa, kaubeba kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa kibudu. "Imekwisha hii," akasema. Risasi kumi na mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya kumi na tatu, triga ikawa nzito kama kuvuta mkokoteni, kisha silinda ikasimama kabisa. Alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya kubadilisha vyuma vya ndani. Nikafungua silinda, nikahakikisha haina kitu, nikasukuma fimbo ya kutolea maganda, nikapitisha mswaki mkavu chini ya ile nyota inayoinua maganda. Zikadondoka punje nne hivi za baruti isiyoungua, ndogo kama mbegu za mchicha. Nikafunga. Triga ikarudi laini kama siku aliyoinunua.

Tangu hapo nimekuwa nikisema jambo moja kwa kila anayeniuliza: usianzie ndani. Rivolva inapogoma, anza na risasi, nenda kwenye uchafu, kisha kwenye skrubu zilizolegea. Uchakavu wa vyuma ndio wa mwisho kushukiwa, ingawa ndio wa kwanza kutajwa. Anayekimbilia kufungua ubavu wa silaha mara nyingi huongeza ubovu wa pili juu ya ule ambao haukuwa ubovu.

Nazungumzia rivolva za kisasa ambazo silinda yake hutokea ubavuni na triga yake huweza kuikoki nyundo yenyewe, yaani kuivuta nyuma tayari kupiga: aina za Smith & Wesson, Ruger, Taurus na Colt za karne ya 20 na kuendelea. Colt ya 1873 inayojazwa risasi moja moja kwa kidirisha cha pembeni, na Webley za Waingereza zinazokunjuka katikati, zina mambo yake.

Na sheria, kwa ufupi. Marekani, mwenye silaha halali kwa kawaida anaruhusiwa kuishughulikia yake mwenyewe. Anayetengeneza za watu kama biashara lazima awe na leseni ya serikali kuu. Kwa msomaji wa Nairobi au Arusha mambo ni tofauti. Sheria ya Silaha ya Kenya (Sura ya 114) na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya 2015 zinaiweka kazi ya kutengeneza silaha mikononi mwa wenye leseni. Kwa hiyo huko ukaguzi wa macho na usafi ni wako. Bisibisi ni ya fundi aliyesajiliwa.

Silaha iwe tupu kwanza

Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu: kwenye tuta la udongo la uwanja wa shabaha, si ukutani mwa chumba ambacho upande wa pili kuna watoto. Kidole kikae nje ya triga, kimelala juu ya fremu.

Ikiwa nyundo imepiga na risasi haikulia, subiri sekunde 30 ukiwa umeielekeza hapo hapo. Kwenye bastola ya magazini watu huvuta mtambo wakatoa risasi, yakaisha. Kwenye rivolva kuna mtego: ukivuta triga tena haraka, silinda inazunguka na kuipeleka ile risasi iliyochelewa mahali ambapo haitazamani na mtutu. Ikiamua kulipuka ikiwa huko, kichwa chake hakina pa kupitia. Sekunde thelathini ni fupi, hesabu kwa sauti.

Kisha fungua silinda. Smith & Wesson kitufe husukumwa mbele, Colt huvutwa nyuma, Ruger hubonyezwa ndani. Inua mtutu juu, sukuma fimbo kwa nguvu mara moja, maganda na risasi zianguke. Hesabu chemba zote, yale matundu ya silinda yanayoingia risasi, kwa macho na kwa kidole, maana ganda jeusi ndani ya chemba nyeusi halionekani vizuri. Risasi zote zihamishiwe meza nyingine, na chumba kingine kama uko nyumbani. Majaribio yote utakayoyasoma humu ni ya silaha tupu, au yenye maganda yaliyokwisha kupigwa, au risasi bandia za mazoezi zisizo na baruti wala fataki (kile kidonge cha kitako kinachowasha baruti). Kutumia risasi halisi "kuona tu kama inazunguka" ndiko kulikowatoboa wengi dari.

Je, silinda imekwama na ndani kuna risasi nzima? Hapo mwongozo huu unasimama. Usigonge, usilazimishe, usifungue skrubu hata moja. Ukiwa uwanjani, baki umeelekeza mtutu kwenye tuta na mwite msimamizi. Ukiwa nyumbani, ilaze mahali salama mtutu ukitazama kitu kinachoweza kumeza risasi, watu waondoke chumbani, mpigie fundi umweleze kwamba imejaa. Kuipakia garini kumpelekea bila kumwambia kuwa ina risasi ni ukosefu wa adabu, na ni hatari kwake na kwako.

Kinachotokea unapovuta triga

Vumilia aya moja ya mitambo, itakuokolea muda baadaye. Ukivuta triga, mambo manne hufuatana. Kidole kidogo cha chuma kilichojificha ndani ya fremu hupanda na kusukuma meno ya nyota nyuma ya silinda, silinda ikazunguka. Kizuizi kilicho chini ya silinda hushuka kwanza kuiachia, kisha hupanda na kuingia kwenye kishimo kingine kuifunga chemba mpya sawasawa na mtutu. Nyundo hurudi nyuma ikikaza springi kuu. Mwisho nyundo huachiwa, pini hupiga fataki kwenye kitako cha risasi. Ukiachia triga, springi nyingine ndogo huirudisha mbele na kila kitu hukaa mahali pake.

Kwa hiyo kila ugonjwa una mahali pake. Silinda nzito: kitu kinasugua au kinabana njiani. Nyundo inapiga ila risasi kimya: springi, pini au fataki. Triga imebaki nyuma: springi ya kuirudisha, au uchafu kwenye njia yake. Ukishajua hatua gani kati ya nne ndiyo iliyokwama, umeshamaliza nusu ya kazi.

Silinda nzito au imesimama

Huu ndio ugonjwa mkuu wa rivolva, nami nitakaa hapa zaidi.

Anza kwa kuuliza: inakwama ikiwa na risasi tu, au hata tupu? Funga silinda tupu, vuta triga polepole mara sita (au tano, kwa zile ndogo), ukisikiliza na kuhisi. Rivolva ya .22 usiifanyie hivi bila risasi bandia au maganda matupu, kwa sababu kwenye aina nyingi za hizo pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Ikiwa tupu inazunguka vizuri na yenye risasi inakwama, mshukiwa ni risasi. Chukua risasi kutoka boksi lile lile, nje ya silaha, uzisimamishe moja moja kwa kitako juu ya kioo au kigae laini. Inayotikisika kama meza ya mguu mmoja mfupi ina fataki iliyochomoza. Fataki haikuzamishwa vya kutosha kiwandani au mezani kwa anayejijazia mwenyewe, na sasa inasugua ukuta wa fremu kila silinda inapozunguka. Ziweke kando risasi za namna hiyo, usizipige "ziishe".

Mshukiwa wa pili kutoka upande wa risasi ni kichwa kilichotoka ganda kidogo. Hutokea hasa kwenye rivolva nyepesi za aloi zinazopiga risasi kali kama .357 Magnum: kila mpigo unairusha silaha nyuma kwa kasi, na vichwa vya risasi zinazosubiri kwenye chemba nyingine hubaki mbele kwa uzito wao, vikichomoka kidogo kidogo kutoka kwenye maganda. Kimoja kikichungulia nje ya uso wa silinda, kinagonga fremu na kila kitu kinasimama. Ukiweza kurudisha silinda kwa mkono kinyume kidogo na kuifungua, ifungue. Usipoweza, rudi kwenye lile la silinda iliyokwama na risasi: mwite msimamizi. Dawa ya kudumu ni kubadili risasi, uchague zenye vichwa vilivyobanwa vizuri mdomoni mwa ganda au zenye nguvu ndogo.

Ikiwa hata tupu ni nzito, nenda kwenye uchafu. Fungua silinda, sukuma fimbo hadi nyota inyanyuke, kisha tazama chini yake kwa tochi. Punje moja ya baruti hapo inatosha, kwa sababu inainua nyota kwa unene wake wote, na nafasi kati ya silinda na fremu si kubwa kuliko unene wa karatasi chache. Pitisha mswaki mkavu chini ya nyota na kwenye kiti chake. Usipake mafuta hapo. Mafuta hushika punje za safari ijayo, utakuwa umemkaribisha mgeni yule yule kwa chai.

Halafu geuza upande wa mbele. Kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu pana mwanya ambao kwa rivolva nzima huwa kama milimita 0.1 hadi 0.25. Masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka hujikusanya hapo, hasa kwa wanaopiga vichwa vya madini hayo matupu visivyofunikwa shaba. Mwanya unajaa, silinda inaanza kusugua mtutu, na kadiri silaha inavyopata moto ndivyo inavyobana zaidi. Dalili yake ni hii: asubuhi inapiga vizuri, baada ya risasi hamsini inakuwa nzito, ikipoa inapona. Brashi ya shaba na mafuta ya kusafishia silaha yanatosha. Fila geji ya mafundi magari inaupima mwanya huo kwa sekunde moja, ukikuta 0.05 au haipiti kabisa wakati pamesafishwa, hapo pana kazi ya fundi.

Tazama pia kitobo cha pini kwenye ukuta wa nyuma. Risasi iliyozidishwa baruti husukuma chuma laini cha fataki kurudi ndani ya kitobo hicho, ikajifunga kama kitasa. Ukiona fataki za maganda yako zimekuwa bapa na zina nundu katikati, usitafute ubovu kwenye silaha. Boksi hilo la risasi lirudi dukani.

Na mkono wa silinda, ule mhimili unaoibeba inapotoka ubavuni? Hao wanaofungua silinda kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono kama waigizaji ndio wanaoupinda. Funga silinda polepole uangalie kama inaingia bila kusukumwa pembeni, na kama mwanya wa mbele ni ule ule kila chemba. Ukipindika, ni wa fundi mwenye vifaa. Hakuna dawa ya nyumbani, na jiliwa si dawa.

Silinda haifunguki

Kwenye Smith & Wesson nyingi ncha ya mbele ya fimbo ya kutolea maganda ndiyo inayojifunga chini ya mtutu. Fimbo hiyo imefungwa kwa meno. Ikijifungua nusu mzunguko tu, inakuwa ndefu, na ncha yake haitoki tena kwenye kifungo. Unasukuma kitufe, silinda haitoki, au inatoka kwa kupigwa kofi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ilibadilisha meno ya fimbo yakawa ya kushoto, ili mzunguko wa silinda usiwe ukiilegeza. Rivolva ya miaka ya 1950 bado ina meno ya kawaida ya kulia, kwa hiyo jua umri wa yako kabla ya kukaza, la sivyo utakuwa ukiifungua huku ukidhani unaikaza. Ruger kama GP100 haifungi kwa ncha ya fimbo bali kwenye mkono wa silinda, hivyo ugonjwa huu hausumbui sana huko.

Ikiwa silaha ni tupu na fimbo iko wazi chini ya mtutu, shika silinda isizunguke, uizungushe fimbo kwa vidole upande wa kukaza, ukisukuma kitufe. Mara nyingi inaachia. Ikishatoka, usirudi uwanjani na fimbo iliyokazwa kwa vidole. Kabla ya kuikaza kwa kifaa, tia maganda yaliyopigwa kwenye chemba. Maganda huishikilia nyota. Bila hayo nguvu yote inaangukia kwenye vijipini vidogo vinavyoiweka nyota mahali pake, navyo vikikatika utalipia silinda nzima. Koleo lenye meno halifai hapa. Ngozi kuukuu au kipande cha mpira kati ya taya zake ni afadhali. Gundi ya skrubu, tone moja la aina inayofunguka.

Zungusha silinda ikiwa wazi uitazame ncha ya fimbo. Ikiyumba kama gurudumu la baiskeli lililogonga shimo, imepinda. Fimbo iliyopinda hufanya triga iwe nzito chemba moja au mbili tu, kisha nyepesi, kisha nzito tena pale pale. Uzito unaorudi mahali pamoja ni alama yake.

Nyundo inapiga, risasi kimya

Hapa dawa ni kalamu. Chukua kalamu ya wino mzito, andika namba 1 hadi 6 kwenye uso wa silinda kando ya kila chemba. Hufutika kwa mafuta. Piga uwanjani, na kila risasi inapokataa, baada ya zile sekunde thelathini, andika ni chemba gani na ulivutaje: kwa kukoki kwanza, au kwa triga moja kwa moja.

Usome hivi. Ikiwa inakataa chemba ile ile kila mara, tatizo liko kwenye chemba hiyo: uchafu unaizuia risasi isikae hadi mwisho, au nyota imechakaa hapo. Ikiwa zinakataa chemba zozote, na risasi ile ile ikipigwa mara ya pili inawaka, fataki haikuzama vizuri. Mpigo wa kwanza uliizamisha, wa pili ukaiwasha. Ikiwa inawaka kila mara ukikoki kwa kidole gumba, na inakataa ukivuta triga moja kwa moja, springi kuu imelegea. Nyundo ikivutwa na triga hairudi nyuma kama inavyorudi ikikokiwa kwa mkono, kwa hiyo inapiga kwa nguvu pungufu, na udhaifu wa springi unajitokeza huko kwanza.

Rivolva kubwa za Smith & Wesson zina springi bapa, nayo hukazwa na skrubu moja iliyo mbele ya mpini. Skrubu hiyo inapaswa kukazwa hadi mwisho. Wapo wanaoilegeza makusudi ili triga iwe nyepesi, wakajisifia kazi nzuri. Ukiinunua silaha kama hiyo ikiwa imetumika, hili ndilo la kwanza kulitazama. Nimekutana na rivolva mbili "mbovu" zilizopona kwa robo mzunguko wa bisibisi, na mwenyewe wa moja kati ya hizo hajawahi kuamini kwamba sikubadilisha kitu.

Alama ya pini kwenye fataki nayo inasema. Iwe ya duara, yenye kina, na katikati. Yenye kina kidogo ni nguvu pungufu: springi, mafuta yaliyoganda ndani, au pini iliyovunjika ncha. Iliyo pembeni ni silinda isiyosimama sawasawa na mtutu, nitaifikia.

Neno kuhusu mafuta. Mafuta mepesi ya kulainisha kutu, yale ya kopo la kupulizia, hupenya kila mahali, na risasi iliyokaa miezi ndani ya silinda iliyopuliziwa inaweza kuingiwa kwenye fataki ikafa. Chemba zifutwe zikauke kabla ya kujazwa.

Mlio hafifu

Hili halingoji zamu. Ukisikia mlio kama wa puto badala ya mlipuko, au mkono haukuhisi mrusho wa kawaida, acha hapo hapo. Usivute triga tena hata kama mtu pembeni anakuambia endelea. Inawezekana risasi haikuwa na baruti ya kutosha, na kichwa chake kimesimama ndani ya mtutu. Kinachofuata kikikigonga, mtutu unavimba au unapasuka.

Fungua, toa risasi zote, pitisha kijiti cha mbao kutoka mdomo wa mtutu hadi kitokee kwenye fremu. Kikikwama, mpelekee fundi. Mara nyingine kichwa kimeishia nusu mtutuni nusu chembani, na silinda haifunguki wala haizunguki. Ikiwa chemba nyingine bado zina risasi, usijaribu kukirudisha kwa kugonga mwenyewe.

Maganda yanang'ang'ania

Swali moja: je, unapiga .38 Special kwenye rivolva ya .357? Inaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo kwa bei. Lakini ganda la .357, lililoingia sokoni 1935, lilifanywa refu kuliko la .38 kwa kama milimita 3 ili lisiingie kwenye silaha za zamani zisizohimili nguvu yake. Kwa hiyo kila .38 unayopiga inaacha pete ya masizi pale mdomo wake unapoishia. Siku ukirudi kwenye .357 ganda refu linavimba juu ya pete hiyo na halitoki. Brashi ya shaba, mafuta, subira ya dakika kumi, brashi tena. Pete ikishaondoka ugonjwa nao unaondoka.

Kama maganda yanakwama na hujawahi kupiga .38, tazama fataki kama zimebapaa. Hapo ni risasi zenye nguvu mno.

Triga hairudi mbele

Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Rivolva iliyokaa miaka kwenye droo, imepakwa mafuta mazito ya mashine na mtu mwema, hufanya hivi. Ondoa vibao vya mpini, mimina kiyeyushi cha silaha kutoka juu ya nyundo iliyokokiwa, ichezeshe, ikaushe, rudia. Isipopona, iliyobaki iko nyuma ya kifuniko cha ubavuni: springi ya kurudishia triga, au kifuniko chenyewe kilichokazwa vibaya kikabana vyuma.

Kifuniko hicho hakitolewi kwa kuchokonolewa na bisibisi ukingoni. Mafundi hutoa skrubu kisha hugonga fremu kwa mpini wa mbao hadi kinyanyuke chenyewe. Bisibisi zao zimenolewa zijaze mfereji wa skrubu. Ya kawaida ya dukani ina ncha kama kabari na huharibu vichwa. Ukiona rivolva ya kuuza yenye vichwa vya skrubu vilivyochubuka, jua mtu ameshaingia humo, na punguza bei.

Kupima kama silinda inafika kwa wakati

Tia maganda matupu kwenye chemba zote, kwa kuwa yanaishikilia nyota na kukupa jibu la kweli. Funga. Gusa silinda kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwa wepesi tu, kama unayejaribu joto la chungu. Koki nyundo polepole sana kwa kidole gumba. Unapaswa kusikia au kuhisi kizuizi kikiingia kwenye kishimo chake kabla nyundo haijashika nyuma, au papo hapo inaposhika. Ikiwa nyundo imeshika na bado silinda inaweza kuzungushwa kidogo zaidi ndipo ilie "tik", inachelewa. Rudia chemba zote, andika zinazochelewa.

Silinda inayochelewa hunyoa kichwa cha risasi kinapoingia mtutuni, na vipande vya chuma hutoka pembeni. Jirani yako uwanjani akilalamika kuchomwa shavuni, mwamini. Acha kuipiga. Kidole cha kusukumia silinda kimelika, au meno ya nyota, na kukitengeneza ni kupima na kupiga tupa kwa sehemu ndogo za milimita. Usiguse.

Pima na mengine mawili ukiwa hapo. Silinda ikiwa imefungwa, ishike uitikise mbele na nyuma: mtikisiko kidogo ni wa kawaida, lakini ukiusikia ukigonga, silinda imeanza kulegea kwenye mhimili wake. Halafu koki nyundo ya silaha tupu, kidole kikiwa mbali na triga, uisukume nyundo mbele kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka bila triga kuguswa, silaha hiyo isitiwe risasi mpaka fundi aione.

Unapoipeleka kwa fundi, na inaporudi

Usimwambie "imeharibika". Mpe karatasi: inakwama chemba ya ngapi, ikiwa na risasi au tupu, baridi au moto, ukikoki au ukivuta moja kwa moja, risasi za aina gani, na kama kuna mtu aliyeifungua kabla yake. Mpe na maganda matatu au manne ya risasi zilizogoma, ndani ya bahasha. Maganda yanasema zaidi ya mwenyewe.

Ikirudi, rudia majaribio ya tupu kwanza. Uwanjani, tia risasi moja tu, funga ili chemba yake ifuate zamu ya kupigwa (silinda ya Smith & Wesson huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka nyuma, ya Colt kama saa), piga, fungua, tazama fataki na uso wa silinda. Kisha mbili. Kisha jaza, ukiwa bado na kalamu na zile namba kwenye silinda. Mimi huzifuta baada ya risasi hamsini bila kugoma.